Shirika lisilo na lalamiko hata moja: nilipatie alama ngapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mratibu wa miradi. Mfadhili wetu ametutaka tupime uwezo wa mashirika sita tunayofanya nayo kazi katika kulinda haki na usalama wa wanawake kazini, kabla mikataba yao haijahuishwa. Niliwatumia dodoso la maswali 40 wakajaza wenyewe. Mawili yananitatiza. La kwanza lina sera ya kurasa 32 iliyosainiwa na bodi, lina sanduku la malalamiko na namba maalumu ya simu, na kwa miaka mitano halijapokea lalamiko hata moja. La pili lina sera ya kurasa tatu, na mwaka jana peke yake limeshughulikia malalamiko manne. Kwa hesabu za dodoso, la kwanza limepata asilimia 94 na la pili 51. Kuna pia mshauri elekezi anayesema atayapima yote sita kwa siku mbili na kuyapa vyeti. Mimi ni mwanamke, na alama hizi hazinikai moyoni. Niende nazo?

JIBU: Dada Mratibu, usiende nazo. Na kama ulitegemea nikuongezee maswali mengine kumi kwenye dodoso, tatizo haliko kwenye idadi ya maswali.

Sitakueleza sera ni nini wala kwa nini shirika linatakiwa kuwa nayo. Swali lako linaonyesha hayo unayajua. Nataka tukae kwenye ile sifuri ya malalamiko. Karibu kila ninapoitwa kupitia tathmini, kuna mtu ananionyesha sifuri ya namna hiyo kwa fahari, kama mzazi mwenye ripoti ya mtoto aliyeshika namba moja. Miaka yote hii bado inanikera, kwa sababu anayeionyesha huwa si mwongo. Anaamini kabisa kwamba ameniletea habari njema.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, pamoja na Lloyd's Register Foundation, taasisi ya hisani ya masuala ya usalama, na Gallup, kampuni ya kura za maoni, walifanya utafiti mwaka 2021 katika nchi 121 na kutoa matokeo Desemba 2022. Asilimia 22.8 ya watu walio kazini, wanawake kwa wanaume, walisema wamewahi kukutana na angalau aina moja ya ukatili au unyanyasaji katika maisha yao ya kazi. Kati yao, waliowahi kumweleza mtu yeyote ni asilimia 54.4 tu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa rafiki au ndugu. Wachache ndio waliopeleka jambo lao ofisini. Sababu zilizotajwa zaidi za kunyamaza zilikuwa mbili: kusema ni kupoteza muda, na hofu ya kuchafuliwa jina. Angalizo kwa wapenda hesabu: kipimo hicho ni cha maisha yote ya kazi, kwa hiyo usizidishe 22.8 kwa idadi ya wafanyakazi wa shirika kisha ukaandika kwamba humo ndani kuna wahanga kumi na wanne. Nimeshasoma ripoti iliyofanya hivyo, tena yenye jalada zuri.

Sasa irudie sifuri yako. Inaweza kuwa na maana tatu. Huenda kweli hakuna kilichotokea. Huenda kimetokea na aliyetendewa akameza. Au kimetokea, kikasemwa, na hakikuandikwa. Dodoso haliwezi kuzitofautisha hizo tatu, na hapo ndipo linapokuangusha. Kwa uzoefu wangu, ile ya tatu ndiyo inayojificha vizuri zaidi. Utamuuliza mkurugenzi, naye atajibu kwa utulivu: "Kulikuwa na kijambo kidogo, lakini tulikaa tukayamaliza kifamilia." Likija neno "kifamilia", weka kalamu chini usikilize. Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyekosewa aliombwa asamehe, aliyekosea aliombwa asirudie, na hakuna aliyeandika hata tarehe. Miezi sita baadaye mkataba wa yule dada unafika mwisho na hauhuishwi. Kisasi kazini hakijiiti kisasi. Kinaitwa kupunguza bajeti, au kupangiwa majukumu mapya, au kuhamishiwa kituo cha mbali.

Ndiyo maana nikiingia kwenye shirika, sera naiomba mwisho. Kwanza naomba vitu vilivyoandikwa kwa sababu nyingine kabisa, maana hivyo havikupambwa kwa ajili yangu: orodha ya mishahara ya miaka mitatu, daftari la likizo, orodha ya walioacha kazi. Nani wameondoka kabla ya mkataba kuisha, na walikuwa chini ya msimamizi gani? Wanawake waliokwenda likizo ya uzazi walirudi wangapi, na wamerudi kwenye nafasi zilezile? Idara moja ikipoteza wanawake wanne wakati nyingine hazipotezi hata mmoja, hilo bado si ushahidi wa kosa la mtu, ila unajua uende ukaongee na nani.

Kisha nafuata njia ya lalamiko kwa miguu. Tuseme msichana wa mafunzo kazini amedaiwa rushwa ya ngono na meneja wa mradi, safarini, Ijumaa jioni. Anampigia nani? Ile namba ya simu inapokelewa na nani, na saa ngapi? Ipige mwenyewe, dada. Niliwahi kuipiga namba iliyochapwa kwenye sera ya shirika moja nikiwa nimekaa ukumbini kwao, na ikaita ndani ya droo ya mezani kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Endelea: lalamiko likipokelewa, anayelichunguza analipwa mshahara na nani, na likizo yake anaidhinisha nani? Kama mtuhumiwa ni mkurugenzi mwenyewe, kuna mlango wa kwenda bodi usiopita ofisini kwake? Mchunguzi wa nje akihitajika, fedha zinatoka kwenye kifungu gani cha bajeti? Wakikujibu "tutaangalia", umeshapata jibu. Uwezo ni watu wenye mamlaka, muda na fedha. Kurasa 32 unaweza kuzinakili mahali popote, na wengi huzinakili. Kwenye sera moja nilikuta jina la shirika jingine limesahaulika ukurasa wa 17.

Mkataba Namba 190 wa ILO kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unasaidia sana hapa ukisomwa kama orodha ya mahali pa kwenda kuchungulia. Ibara ya 3 haiishii mezani mwa ofisi. Inataja vyoo, mahali pa kubadilishia nguo, mahali pa kulia na kupumzikia, safari za kikazi, mafunzo, sherehe za kikazi, mawasiliano ya simu na mtandao, malazi yanayotolewa na mwajiri, na njia ya kwenda na kurudi kazini. Ibara ya 9 inataka waajiri wabaini hatari na kuzipima wakiwashirikisha wafanyakazi wenyewe, kama wanavyopima hatari za mashine au kemikali. Kwa hiyo uliza lini mara ya mwisho shirika lilikaa na wafanyakazi wake kutazama hatari hizi, na kitu gani kilibadilika baada ya kikao hicho. Kisha kaangalie. Choo cha wanawake kina komeo? Njia ya kukifikia ina taa? Anayetoka zamu usiku anarudije nyumbani? Wakienda nje ya kituo, vyumba vya kulala vinagawanywa na nani? Viatu na ovaroli za kazi zipo kwa vipimo vya wanawake, au wanapewa za wanaume na kuambiwa wakunje mikono?

Kuna jambo moja nakuomba kwa msisitizo usilifanye: usiende kuwinda wahanga. Usikusanye wanawake ukumbini ukauliza nani amewahi kunyanyaswa. Usiombe majalada yenye majina. Rejesta iliyofutwa majina inatosha, yenye tarehe ya kupokelewa, aina ya lalamiko, hatua iliyochukuliwa na tarehe ya kufungwa. Wewe unapima shirika, huchunguzi kesi, na mtu akikufungulia moyo huku huna pa kumpeleka utakuwa umemwacha pabaya kuliko ulivyomkuta. Jua kabla ya kwenda ni huduma gani za ushauri nasaha, matibabu na sheria utakazomwelekeza. Swali ninalolitumia mimi ni hili: "Dada mgeni akiajiriwa hapa kesho akapatwa na jambo, ungemshauri amwambie nani, na unadhani nini kingefuata?" Hakuna anayelazimika kujitaja, na majibu yanatiririka. Waulize mmoja mmoja, bila wakuu, na usiishie kwa maafisa. Wahudumu wa usafi, wapishi, walinzi, vibarua, wanaojitolea, walio kwenye mafunzo, wote Mkataba 190 unawagusa bila kujali mkataba wao wa ajira ni wa aina gani. Watu watano wa kazi tano tofauti wakikutajia mlango uleule bila kusita, hapo kuna uwezo, hata kama sera ni ya kurasa tatu.

Huyo mshauri wa siku mbili nitamsema bila kupepesa macho. Mashirika sita kwa siku mbili ni theluthi moja ya siku ya kazi kwa kila shirika, hapo hujaondoa safari, chai na picha ya pamoja. Anachoweza kufanya kwa muda huo ni kusoma mafaili aliyoandaliwa. Wapiga ramli wa aina hii wamekuwa wengi tangu wafadhili waanze kuomba vyeti: wana dodoso moja la nchi zote na sekta zote, wanapiga vema kwenye visanduku, wanatoa asilimia yenye nukta. Zana za kujipima siyo mbaya zenyewe. Ukaguzi shirikishi wa jinsia wa ILO ni kazi nzuri, na kile chombo cha kujitathmini cha Kanuni za Kuwawezesha Wanawake, zilizoanzishwa mwaka 2010 na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya wanawake, pamoja na UN Global Compact, mpango wa Umoja huo kwa ajili ya kampuni, kinaisaidia kampuni kuona mapengo yake. Lakini vilitengenezwa ili taasisi ijitazame yenyewe na ijifunze. Ukivigeuza mtihani wa kupata au kukosa fedha, mtu atajaza kile unachotaka kusoma, na wewe ungejaza hivyohivyo.

Hapa ndipo wewe na mfadhili wako mnapoingia, na wengine wote mnaoshika mkoba. Ukimpa asilimia 94 aliyeleta sifuri na 51 aliyeleta manne, mwakani yale sita yote yatakuletea sifuri. Hutakuwa umezuia unyanyasaji wowote. Utakuwa umewafundisha wakurugenzi sita kwamba daftari la malalamiko lina gharama. Nimeona mashirika yakifunga rejesta zao wiki moja kabla ya mkaguzi kufika. Ingekuwa bora barua yenu ya mkataba iseme wazi kwamba lalamiko lililopokelewa na kushughulikiwa halipunguzi fedha, na kwamba kinachopunguza ni lile lililofichwa.

Na usikimbilie upande wa pili ukayapa manne asilimia 94. Malalamiko manne yanaonyesha kuna watu walioamini inafaa kusema, basi. Kama waliamini sawasawa, utajua ukiuliza kilichowapata baadaye. Lalamiko la kwanza lilijibiwa baada ya siku ngapi? Walalamikaji waliambiwa matokeo, au walisikia kwa watu? Bado wapo kazini, na wapo wapi? Kama kuna mtuhumiwa aliyekutwa na kosa, adhabu ilifuata cheo au ilifuata kosa? Na baada ya la nne, walibadilisha nini? Mkurugenzi anayeweza kukwambia "hapa tulikosea" akataja alichokirekebisha, mimi humwamini kuliko mwenye kurasa 32.

Anza na lile la sifuri. Tenga siku mbili kwa ajili yake peke yake, mwambie mkurugenzi utafika saa tatu, halafu ufike saa moja asubuhi. Wahudumu wa usafi huwa wameshaanza kazi.