Maonyesho ya okidi: tazama nyuma ya ua
Umeuliza kama maonyesho ya okidi (jamii ya mimea ya maua) za nchi moja, kama yale ya Madagaska pale Kew, bustani ya mimea ya London, mwaka 2024, yana faida zaidi ya kupiga picha. Yanayo, tena kubwa! Itafute ile nyeupe, Angraecum sesquipedale, uitazame kwa nyuma: kuna mrija mwembamba wa kijani unaoning'inia karibu sentimita 30, na nekta, yaani maji matamu ya ua, iko chini kabisa. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin aliandika kwamba lazima yuko nondo, mdudu anayefanana na kipepeo, mwenye ulimi wa kufika huko. Nondo huyo alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin keshafariki. Vanila nayo ni okidi, ila asili yake Meksiko na wadudu wanaoichavusha hawako Madagaska, ndiyo maana huko maua yake huchavushwa kwa mkono, moja moja.