Jibu: Dredi zinakatika mbele na kichwa kinanuka, ingawa naenda saluni kila wiki mbili

Dada, umesema dredi zako zina miezi 8, kila baada ya wiki mbili uko saluni kusokotwa mizizi, lakini nywele za mbele zinazidi kupungua na ukivua skafu harufu inatoka. Umeuliza ubadilishe mafuta gani. Mafuta yaache. Punguza safari za saluni, na ukienda usitoke kabla dredi hazijakauka.

Haya yalinikuta. Dredi zangu ziko mwaka wa 9, na kazi yangu ni kukaanga samaki, ngege na mbuta, huku Dunga kando ya ziwa Kisumu, kwa hivyo moshi, mafuta na jasho ni vya kila siku. Mwaka wa pili nilitaka mizizi ikae kama imesokotwa jana. Nywele mpya zikichomoza kidogo tu, mbio saluni Kondele. Msusi wa wakati ule alikuwa na mkono mzito, anavuta mpaka nyusi zinapanda, nami nikaona ndiyo kazi safi. Usiku nameza dawa ya kichwa. Vikatoka vipele vyenye vichwa vyeupe kwenye kipaji, nikavipaka mafuta ya nazi. Siku moja nikashika dredi ya karibu na sikio: chini imenona kama kidole, kwenye ngozi umebaki uzi. Nikaigeuza kuitazama vizuri, ikabaki mkononi.

Msusi niliye naye sasa, siku ya kwanza hakushika jeli wala sindano. Alizitenga dredi moja moja, akabonyeza ngozi kwa ncha ya kidole huku akiuliza wapi panauma, kisha akanirudisha nyumbani nikae wiki 8 bila kuguswa. Nilikasirika, lakini nilikaa.

Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Wiki mbili ni nusu sentimita, hakuna cha kusokota hapo. Anachofanya msusi ni kukamata zilezile za juzi na kuzivuta tena. Zako bado changa, wiki 5 au 6 zinafaa. Zikishakomaa, hata 8.

Sasa harufu. Dredi hukauka nje kwanza, ndani maji yamekaa, na Kisumu hii yenye unyevu wa ziwa, hasa mvua za Machi hadi Mei, hayatoki upesi. Ukibanwa mtindo wa juu zikiwa mbichi kisha ukafunga skafu, umeyafungia humo yavunde. Mimi hukaa chini ya draya saa moja na nusu. Kabla ya kuinuka nazungushia tishu dredi ya kisogoni, ile nene kuliko zote, naifinya kwa nguvu. Tishu ikilowa, narudi chini ya draya hata kama foleni ni ndefu na wateja wananiangalia. Mitindo yote, iwe kuzisuka mbili mbili au kuzikunja kwa roda, ije baada ya hapo, na ifumuliwe baada ya wiki mbili.

Kuosha usiogope. Kila wiki moja au mbili, shampuu nyepesi, suuza mpaka maji yatoke meupe. Nta ya nyuki ikatae kabisa: haiyeyuki kwa maji ya kuoshea, inakamata vumbi na kuganda ndani. Jeli kidogo ya shubiri inatosha.

Kuhusu sindano: kupitisha ncha ya dredi kwenye mzizi wake hudumu kuliko kusokota na hakufumuki kwa jasho, ndiyo maana mimi mtu wa jikoni nimechagua njia hii. Lakini msusi lazima abadilishe upande kila anapopitisha. Akipitisha upande mmoja tu, mzizi unaachwa na tundu na dredi inapasuka kuwa mbili. Sindano ya krosheti, ile yenye ndoano nchani, waachie wachache wenye mkono mwepesi, kwa sababu kila kuchoma kunaweza kukata nywele.

Kipaji chako kitazame leo mchana kwenye mwanga. Ukiona vinywele vidogo vinarudi, pumzisha tu. Ngozi ikiwa laini na inang'aa, haina hata vitundu vya nywele, nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya msusi yeyote. Na zile zilizobaki uzi, mwombe msusi aziunganishe na jirani zake kabla hazijaanguka. Mbili zangu za upande wa kushoto ziliunganishwa hivyo, na hadi leo ziko kichwani.