Maswali kwa Fundi wa Seva: Mpangilio unaopotea kila seva ikiwaka upya

SWALI: Shikamoo fundi. Nimekabidhiwa seva ya Linux inayopitisha mawasiliano ya kompyuta za ofisi nzima kwenda intaneti. Nikiandika sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, amri inayoiruhusu seva kupitisha mawasiliano hayo, watu wanapata mtandao papo hapo. Seva ikiwashwa upya, wote wanakatika. Mstari huo nimeuandika ndani ya /etc/sysctl.conf, na nikiita sysctl -p unasomwa bila kosa lolote. Shida imeanza tulipohamia Debian 13, toleo la aina ya Linux tunayoitumia. Tena nikiandika sudo echo 1 > /proc/sys/net/ipv4/ip_forward naambiwa sina ruhusa, ilhali sudo, ile amri ya kutumia haki za msimamizi, nimeiweka! — Mtunza seva mgeni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Tuanze na ruhusa maana ni jepesi. Alama ya > haishughulikiwi na sudo. Inashughulikiwa na sheli yako, programu inayosoma amri unazoandika, kabla sudo haijaanza kazi, na sheli yako haina haki za msimamizi. Andika echo 1 | sudo tee /proc/sys/net/ipv4/ip_forward, au baki na sysctl -w inayofanya jambo lilelile.

Sasa lile kubwa. Kila mpangilio wa kerneli, yaani kiini cha Linux, una thamani iliyo hai kwenye kumbukumbu (RAM), na unaweza kuwa na maandishi yake kwenye diski, na hivi viwili havijuani mpaka mtu avikutanishe. Saraka ya /proc/sys inaonekana kama imejaa faili, lakini hakuna hata baiti moja yake iliyohifadhiwa diskini. Ukisoma humo unaiuliza kerneli. Ukiandika humo unaiamuru. Seva ikizimika, amri yako imekwisha. Ikiwaka, kerneli inaanza na thamani zake yenyewe, na kwa ip_forward thamani hiyo ni 0. Kisha huduma iitwayo systemd-sysctl hupita, ikasoma faili za mipangilio na kuiambia kerneli ibadilike.

Tangu systemd 207, ya mwaka 2013, huduma hiyo haisomi /etc/sysctl.conf moja kwa moja. Matoleo ya Debian yaliyotangulia yalikuwa na kiungo, /etc/sysctl.d/99-sysctl.conf, kilichoielekeza huko. Katika Debian 13 faili yako ya zamani haisomwi tena wakati wa kuwaka. Lakini sysctl -p, ukiiita bila kutaja jina la faili, bado inasoma /etc/sysctl.conf. Ndiyo maana jaribio lako la mkono linafaulu kila mara na seva ikiwaka yenyewe mambo yanakuwa mengine. Ulikuwa unaijaribu njia ambayo seva haiipiti.

Fungua faili mpya, tuseme /etc/sysctl.d/90-kupitisha.conf, uweke mstari wako humo. Jina lazima liishie kwa .conf, la sivyo faili inarukwa. Halafu andika sudo systemctl restart systemd-sysctl, maana hiyo ndiyo huduma ileile inayofanya kazi seva inapowaka, kisha uliza kwa sysctl net.ipv4.ip_forward. Ukitaka jaribio la kweli, chagua saa ambayo hakuna mtu kazini, uirudishe thamani kuwa 0 kwanza, ndipo uiwashe huduma upya uone kama inapanda kuwa 1. Vinginevyo utasoma 1 uliyoiweka mwenyewe asubuhi na kudhani faili ndiyo iliyoileta.

Ikigoma bado, tafuta faili nyingine inayokupinga. Faili husomwa kwa mpangilio wa majina yake, hata zikiwa katika saraka tofauti za /etc/sysctl.d, /run/sysctl.d na /usr/lib/sysctl.d, na inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Amri ya systemd-analyze cat-config sysctl.d itakumwagia zote kwa utaratibu huohuo, kila moja na mahali ilipotoka. Ni amri ninayoipenda sana, na huwa ya kwanza kuiandika nikipewa seva iliyotunzwa na mtu mwingine.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya kwamba kubadilisha ip_forward hurudisha vigezo vingine vya IP kwenye hali ya mwanzo, kwa sababu kompyuta ya kawaida na ruta zina kanuni tofauti. Kwa hiyo mstari huo uutangulize, mengine yafuate chini yake.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Seva ninayoitunza iko mbali nami, naifikia kwa SSH tu, yaani kwa kuandika amri kupitia mtandao. Nataka kubadilisha anwani na njia za mtandao lakini naogopa kujifungia nje. Wenzangu wananiambia niwe makini tu. — Wa mbali

JIBU: Njema, ndugu yangu. Umakini ni mzuri lakini haukurudishii seva iliyokatika. Unachohitaji ni seva ijirudie yenyewe iwapo wewe hutaweza kuifikia, na kile kinachomuudhi mwenzako wa hapo juu ndicho kitakachokuokoa: thamani ya kwenye kumbukumbu hufutika.

Kabla ya kugusa kitu, andika sudo shutdown -r +15. Seva itajiwasha upya baada ya dakika 15. Sasa fanya mabadiliko yako kwa ip addr, ip route au sysctl -w, yaani kwenye kumbukumbu peke yake, bila kuandika chochote diskini. Usiifunge dirisha uliyo nayo. Fungua nyingine na uingie upya kwa SSH, kwa sababu dirisha la zamani kuendelea kujibu si uthibitisho kwamba mgeni anaweza kupokelewa. Ukiingia salama, andika sudo shutdown -c kufuta ratiba, ndipo uyahamishie mabadiliko kwenye faili. Ukikatika, subiri. Seva itazimika, itawaka, na itasoma mipangilio ya zamani iliyo diskini.

Angalia hapa: dakika tano kabla ya kuzimika, mfumo huacha kupokea watumiaji wapya. Ukijaribu kuingia katika dakika hizo utakataliwa na utadhani mtandao umeuharibu wewe. Ndiyo sababu nasema 15 na si 5; jaribu mapema.

Kama seva yako ni Ubuntu na mtandao wake unaendeshwa na Netplan, programu yake ya kupanga mtandao, kuna netplan try. Inaweka mpangilio mpya na kukusubiri ubonyeze Enter; sekunde 120 zikipita bila jibu, inarudisha wa zamani. Watu wa ruta wameujua mtindo huu siku nyingi. Kwenye ruta za Cisco utaandika reload in 10 kabla ya kuugusa mpangilio ulio hai, na kwenye Junos, mfumo wa ruta za Juniper, utatumia commit confirmed, ambayo usipoithibitisha inajitengua baada ya dakika 10.

Mipangilio ya SSH yenyewe haiokolewi na mbinu ya kuwasha upya, kwani iko kwenye faili tangu mwanzo. Nakili faili ya zamani, hariri mpya, kisha sudo sshd -t ikague maandishi. Ikinyamaza, hakuna kosa la kiandishi. Hapo iambie huduma isome upya kwa reload, na kama nilivyosema, dirisha la kwanza libaki wazi mpaka la pili liingie. Kumbuka kwamba sshd -t hukagua maandishi tu: ukimfungia mlango mtumiaji wako mwenyewe kwa maneno yaliyoandikwa sawasawa, haitakuambia.

SWALI: Fundi, nimepata orodha ndefu ya mistari ya sysctl ya kuongeza kasi ya seva. Niibandike yote? — Mwenye haraka

JIBU: Hapana, ndugu. Angalia kama orodha hiyo ina net.ipv4.tcp_tw_recycle. Ikiwa nayo, imepitwa na wakati: kigezo hicho kiliondolewa katika Linux 4.12, mwaka 2017, baada ya kukatisha miunganisho ya watu waliokuwa wakitoka nyuma ya anwani moja kwa pamoja. Orodha nyingi pia zinakutaka upandishe net.core.somaxconn kutoka 128, wakati tangu Linux 5.4 inaanzia 4096 bila kuguswa. Pima kwanza, ujue seva inachelewa wapi, kisha badilisha kigezo kimoja na upime tena. Juu ya kila mstari, baada ya alama ya #, andika tarehe na sababu. Atakayekuja baada yako asilazimike kubahatisha.

Ikiwa umeshaibandika, kuifuta faili hakutoshi. Thamani zilizokwisha kuingia kwenye kumbukumbu zitabaki zilivyo hadi uzirudishe moja moja kwa sysctl -w, au uiwashe seva upya.