Pesa ya nyumba za kanjo huamuliwa lini haswa?

Swali: Habari kaka. Naishi kwa estate ya kanjo, yaani ya kaunti ya Nairobi, huku Eastlands, zile nyumba za zamani. Tumeambiwa zitaangushwa tujengewe magorofa ya bei nafuu, lakini kila mwaka tukienda mkutano wa bajeti mwezi wa tano tunaambiwa pesa hakuna. Na mimi nakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi! Nani huamua, na sisi tuingilie wapi? – Mpangaji, Eastlands

Jibu: Dada, pole na hiyo mikutano. Nimekaa upande ule mwingine wa meza miaka kadhaa nikiandika bajeti za kaunti, na watu wa mwezi wa tano nawajua vizuri, mnakuja na hoja poa kabisa ila sisi tushafunga hesabu kitambo.

Kwanza usichanganye mifuko. Hiyo asilimia 1.5 unayokatwa, na 1.5 ingine ya mwajiri, inakusanywa na KRA, watu wa ushuru, inaenda kwa hazina ya nyumba chini ya sheria ya 2024, na bodi yake ni ya serikali kuu. Haipitii kwa bajeti ya City Hall, yaani ya kaunti. Kwa hivyo mkimfokea MCA, mwakilishi wenu wa wadi, juu ya peslipu mnamuonea, na mimi si mtu wa kutetea MCA.

Kaunti nayo inachangia nini? Mara nyingi ni ardhi. Cheki mradi wa Pangani hapa Nairobi: ploti ni ya kanjo, ilikuwa na nyumba 48, developa akaleta pesa zake za kujenga nyumba 1,562, na zingine zikawekwa bei ya soko ndio hesabu ifunge. Wapangaji wa zamani walipewa laki sita kila nyumba wahame kwa muda. Sasa ukifungua kitabu cha bajeti ukitafuta mabilioni ya aina hiyo hutayaona, uamuzi uko ndani ya mkataba wa developa na kaunti, na huo mkataba ndio mngekuwa mnauliza kila siku badala ya kuuliza pesa iko wapi.

Lakini kuna kitu lazima kitoke kwa bajeti, na hapa ndipo miradi hukwama: sewa, maji, barabara ya kuingilia. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, sitapataja, magorofa yalimalizwa yakakaa bila watu kwa sababu bomba la maji taka lilikuwa kwa bajeti ya idara ingine na hiyo idara haikuwa imeliandika popote. Watu wa nyumba walidhani watu wa maji wameweka, watu wa maji hata habari hawana. Nyumba 50 ziwe 1,500 na bomba libaki lile la mkoloni, we fikiria tu.

Kalenda sasa. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaitwa ADP, unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Mradi usipokuwa humo ni ngumu sana kuuingiza baadaye. Februari 28 ni waraka wa sera ya fedha, huo ndio unasema kila idara itapata ngapi. Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti, Juni 30 ni kuyapitisha. Ukija Mei unaweza kusukuma taa ya mtaa, bomba la sewa husukumi. Na hata ikipitishwa, pesa haitoki bila Mdhibiti wa Bajeti kuidhinisha, sasa soma ripoti zake za kila robo mwaka uone kilichotumika, maana kuandikwa na kulipwa ni vitu viwili.

Kwa hivyo mfanye hivi. Mwezi wa saba au wa nane chama chenu cha wapangaji kipeleke barua kwa idara ya nyumba na ile ya maji, ikitaja estate na bomba kwa majina. Barua ingine iombe mkataba wa developa, mnataka kujua nani anarudishiwa nyumba, kwa bei gani, na mtakaa wapi mkingoja. Taja sheria ya kupata habari ya 2016, inaipa kaunti siku 21 kuwajibu. Zote mpeleke kwa mkono, na msitoke hapo kabla nakala yenu haijagongwa stampu na tarehe.