Nani amempeleka mpiga picha pale?

Swali la wiki hii linauliza kama televisheni inaweza kuwafanya wananchi wavichukie vita. Najua wengi watajibu kwa Vietnam: eti Wamarekani waliketi sebuleni, wakaona damu, wakachoka. Hadithi hiyo majenerali wanaipenda sana, maana inawapa mtu wa kumlaumu.

Tarehe zinaikana. Mtangazaji Walter Cronkite wa CBS, televisheni ya Marekani, alitamka Februari 1968 kwamba vita vimekwama, baada ya mashambulizi ya Tet, yaani yale makubwa ya ghafla ya wakomunisti wa Vietnam. Lakini kura ya maoni ya Gallup ilishaonyesha Oktoba 1967 kwamba waliosema kupeleka askari Vietnam lilikuwa kosa, asilimia 47, wamewazidi waliokataa, asilimia 44. Na kabla ya Tet taarifa nyingi za televisheni zililiunga mkono jeshi. Kilichowageuza watu, naona, ni majeneza yaliyokuwa yakirudi makwao na vijana walioitwa jeshini kwa lazima. Cronkite aliwakuta njiani.

Hata hivyo wakuu wa jeshi waliiamini hadithi yao, wakaamua kuifunga kamera. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, Marekani na washirika wake dhidi ya Iraq, waandishi walipelekwa kwa makundi, wakisindikizwa na maofisa, na taarifa zao zikikaguliwa. Watazamaji wakaonyeshwa bomu likipenya shabaha barabara, wakadhani vita siku hizi havina uchafu. Kumbe mabomu ya kuongozwa hayakufika hata moja ya kumi ya yote yaliyodondoshwa! Mwaka huohuo ikapigwa marufuku kupiga picha majeneza ya askari yakishushwa kambi ya jeshi ya Dover, Marekani, marufuku iliyodumu hadi 2009.

Ukinitajia Mogadishu, Oktoba 1993, nitakubali kwamba picha ilisukuma mambo. Maiti ya askari wa Marekani ilionekana ikiburutwa barabarani, na siku chache baadaye Rais Clinton akatangaza majeshi yake yataondoka kufikia tarehe 31 Machi 1994. Marekani ilipoteza askari 18 katika mapigano yale; Wasomali walikufa kwa mamia, na hao hawakumwondoa mtu usingizini.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ila nguvu kubwa ya televisheni iko katika kuchagua kifo cha nani kihesabiwe. Ningependa kila taarifa ya vita ianze kwa kutueleza nani amempeleka mpiga picha pale, na ni wapi alikozuiwa kufika.