Mkuu, kichura kabla ya mbio kitakuchana paja

Mkuu, hiyo ratiba ya mazoezi uliyoiandika ifute leo, kabla hakujakucha. Vichura 30 (kuchuchumaa na kuruka kama chura), kisha mita 200 kwa kasi yote, pushapu za kuruka 20, mita 200 tena, raundi tano, kila siku kwa wiki tatu! Hapo hujengi mwili, unatafuta magongo. Kosa hilohilo mimi lilinila wiki nane, ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

Unapotimua mbio, msuli wa nyuma ya paja hupata kazi ngumu kuliko zote pale mguu unaporushwa mbele, kabla tu unyayo haujagusa chini. Unavutwa urefuke na wakati huohuo unakaza ili kuuzuia mguu. Yaani ndio breki. Msuli uliochoka hauhimili mvuto huo kama ule mbichi, na vichura vinachosha mapaja na makalio kwa mkupuo. Makalio yakichoka kusukuma, mzigo unahamia nyuma ya paja.

Ubaya wake ni kwamba raundi ya kwanza na ya pili husikii kitu, unajiona simba. Ya tatu nyonga zinaanza kuzama, mguu unatua mbali mbele ya mwili, na wewe bado unalazimisha kasi. Hapo ndipo watu husikia kama wamepigwa jiwe nyuma ya paja. Ukichanika kidogo ni wiki kadhaa, ukichanika sana ni miezi, na ukirudi mapema unachanika palepale.

Wanaonikera ni hawa walimu wa video wanaosema "sekunde 20 kazi, 10 pumzika, ni sayansi". Utafiti wenyewe, wa Mjapani Izumi Tabata wa mwaka 1996, ulifanyika kwenye baiskeli ya mazoezi! Kwenye baiskeli hakuna kutua, hakuna mguu wa kuufungia breki. Wameokota saa, baiskeli wakaiacha, halafu wanawarusha watu vichura kwenye lami.

Mbio kwanza, miguu ikiwa mibichi. Mazoezi ya nguvu baadaye. Usiligeuze hilo hata siku moja.

Jogi taratibu dakika 10 hadi 15, kisha kimbia mita 60 mara nne ukipandisha kasi kidogokidogo. Ndipo mita 200 mara sita, kwa mwendo ambao mwisho unahisi ungeweza kuongeza moja. Katikati tembea dakika mbili kamili. Muda wa mita 200 ukiongezeka kwa zaidi ya sekunde tatu, funga kazi, hata kama ni ya nne. Pumzika dakika tano, halafu chuchumaa na kuinuka bila kuruka, 12 mara tatu, pushapu 10 mara tatu, planki (kujikaza ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu) sekunde 30.

Malizia na hili ambalo wengi hulikwepa: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, jishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka mpaka udake kwa mikono. Wiki ya kwanza nne tu, seti mbili, siku moja. Utaumwa siku mbili, kwa hiyo usilifanye mkesha wa siku ya mbio. Ratiba nzima ni mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa zinatosha.

Ukishindwa kabisa kuacha kuchanganya, basi kati ya mbio weka pushapu za kawaida au planki. Mikono ikichoka haikuchani paja.

Halafu umeandika kwa kupitia tu kwamba paja la kushoto "linavuta kidogo" tangu Jumapili. Mkuu, hilo ndilo ungeanza nalo! Lala chali, inua mguu mmoja ukiwa umenyooka, kisha wa pili. Wa kushoto ukiishia chini kuliko wa kulia, au ukiuma, kesho ni kutembea tu. Ukiona weusi nyuma ya paja au unachechemea, nenda hospitali.