Usitume hiyo pesa ya hedifoni kabla hujaziskiza na simu yako mwenyewe

Ngoja. Usimtumie huyo jamaa hiyo elfu sita bado.

Nimesoma swali lako lote. Uko Nakuru, unataka hedifoni za Bluetooth zenye besi ya maana, za kuvaa kwa matatu ukija Kisumu, za jim, za kupokea simu za kazi, betri ikae, na kuna muuzaji amekutumia video ya tone la maji likirukaruka juu ya hedifoni ati hiyo ndiyo besi, na amesema bei inapanda kesho. Sasa hapo kwa video na hapo kwa kesho ndipo damu imenichemka, kwa sababu mimi nilioshwa peupe na watu wa aina hiyo hiyo hapa Kisumu na sitakaa nikiangalia mtu mwingine akipelekwa machinjioni na bando lake mwenyewe.

Kwanza hilo tone la maji. Hedifoni ikiwa mezani haijafunika sikio la mtu yeyote. Kitu kinaruka kwa sababu plastiki inatetemeka, na utasikia nini ukivaa hiyo video haiwezi kukwambia hata kidogo. Hata simu yangu ikiwa kwa vaibresheni inatembea mpaka inaanguka kitandani na sijawahi kuisifu besi.

Yangu ilianza na mchambuzi mmoja wa mtandaoni, wale wa taa ya zambarau nyuma na mikono mingi. Akasema hizi zina spika ya milimita 50, besi ya tetemeko la ardhi, wahini kabla hazijaisha. Chini ameweka linki. Mimi na akili zangu zote nikaona milimita 50 ni nyingi kuliko 40, hesabu ya darasa la pili, na binamu yangu ambaye hufunga spika za sherehe akaunga mkono kabisa, spika kubwa besi kubwa. Nikaenda duka moja katikati ya mji, jina sitataja, sitaki kesi, nikakuta wanazo.

Yule jamaa wa duka alikuwa mpole ajabu. Akaniketisha kwa stuli, akanivalisha mwenyewe, akasema "skia hii sasa," akapiga na simu yake. Wimbo wenyewe ni ule wa klabu, besi tupu ya kompyuta, hakuna hata mtu anaimba. Na sauti ameinua karibu ifike mwisho. Nje ni honi na makanga wanaita watu, lakini mimi kifua kilikuwa kinanguruma, nikaanza kutingisha kichwa pale dukani macho nimefunga, kuna mama alikuja kununua chaja akanicheka waziwazi. Jamaa akaniambia ilikuwa elfu kumi na mbili lakini kwa sababu mimi ni mtu wa watu atanifanyia nane na nusu. Mtu wa watu! Hata jina langu alikuwa halijui. Nikatuma, tena kwa namba yake ya simu kwa sababu ati Till, ile namba ya malipo ya duka, ilikuwa na shida siku hiyo.

Nikafika nyumbani, nikaunganisha na simu yangu, nikaweka benga, muziki wetu wa magitaa. Sasa wewe kama umekulia upande huu unajua benga besi si ya kupiga kelele tu, gitaa la besi linatembea, linapanda linashuka, linajibizana na solo, yaani nusu ya utamu uko hapo. Nilichosikia ni dum. Dum. Dum. Noti moja mwanzo mpaka mwisho. Mpigaji anahama kutoka waya huu kwenda ule, hedifoni inasema dum. Na muimbaji amezama huko chini hata maneno ya wimbo ninaojua kwa kichwa siyasikii vizuri. Nikazima nikawasha. Nikafuta Bluetooth nikaunganisha upya. Nikachaji mpaka ikajaa. Nikalaumu simu, nikalaumu wimbo, siku nyingine nikajilaumu masikio nikanunua hata pamba za kusafisha. Mtu akiwa ameshalipa elfu nane na nusu anaweza kulaumu hata mvua.

Nikarudi dukani. Nikamwambia weka tena ule wimbo wako. Akaweka, na kweli ikanguruma vile vile. Lakini safari hii sikufunga macho. Simu yake ilikuwa juu ya kioo cha kaunta, na alipoinua kuongeza sauti nikaona ekwalaiza, ile ya kurekebisha sauti, iko wazi, vile vijiti vya upande wa kushoto, vya sauti za chini, vimesukumwa juu vyote mpaka mwisho. Akapangusa skrini na kidole gumba haraka haraka lakini nilikuwa nimeona. Nikamwambia zima hiyo. Akasema hiyo ni setingi ya kawaida ya simu. Nikamwambia basi zima hiyo ya kawaida. Akazima. Dum, dum, dum ikarudi, ile ile ya nyumbani kwangu.

Yaani nilikuwa nimenunua ekwalaiza ya simu ya mtu mwingine! Na simu hakunipa!

Kurudisha? Akanionyesha karatasi imebandikwa na selotepu, bidhaa ikifunguliwa hairudi, na hiyo karatasi imeangalia upande wake yeye, si upande wa mteja. Risiti nayo ni kile kikaratasi cha kuandikwa na kalamu, "hedifoni 1". Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ipo, najua, lakini nenda nayo na risiti imeandikwa hedifoni moja. Na yule mchambuzi wa taa ya zambarau nilimwandikia chini ya video yake nikamweleza pole pole bila matusi, akanijibu na emoji ya moto. Moto! Mimi nimeungua yeye anaweka moto.

Sasa nikupe ile kitu ilinigharimu. Kanuni ni moja, na wale wanaokuandikia hapo juu "chukua tu bro" wasikupotoshe: usilipe hedifoni za besi kabla hujazivaa kichwani kwako, zikipigwa na simu yako, ekwalaiza imezimwa, na wimbo wako ambao umeushiba. Zote nne pamoja. Ukitoa moja umerudi kwa stuli yangu.

Simu yako kwa sababu nimeshakwambia. Ekwalaiza izime kote, kwa simu na kwa programu ya muziki, hizi simu nyingi huja na kitu cha kupamba sauti na wewe hata hujui kiko. Wimbo wako uwe na gitaa la besi la mtu kupiga, benga, rhumba, rege, chochote ambacho unaweza kuimba ile besi kwa mdomo. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi la kawaida unapiga karibu 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ukisikia noti zinaachana, hii ni hii na ile ni ile, basi hapo kuna besi. Hizi za kudanganya watu hazina kitu huko chini, zimevimbishwa tu pale juu kidogo, 100 mpaka 200 Hz hivi, ndiyo maana kila kitu kinakuwa noti moja na sauti ya mtu inafunikwa. Na sauti usiruhusu muuzaji aipandishe. Sikio la binadamu muziki ukiwa chini halisikii besi sana, ukipandishwa besi inajitokeza, kwa hivyo hedifoni yoyote mbovu ikipigwa kwa nguvu inaonekana ina besi kwa dakika mbili. Weka pale ambapo wewe husikiliza kila siku.

Kichwa chako ndicho watu husahau. Besi ya hedifoni inategemea ule mto ufunge sikio pande zote hewa isitoke, ukiacha nafasi hata ndogo ni ngoma imetoboka ngozi, utapiga na haitalia. Mimi navaa miwani na mkono wa miwani ulikuwa unainua mto pale juu ya sikio, besi inatorokea hapo, na sikujua mpaka siku moja nilivua miwani nioshe uso. Ukiwa na rasta au umesuka, ni hivyo hivyo. Kwa hivyo dukani fanya hivi: ukishavaa na wimbo unapiga, sukuma vikombe vyote viwili taratibu na viganja viguse kichwa vizuri. Besi ikiongezeka ghafla ujue hazikufungi, ziache, kuna kichwa cha mtu mwingine zitamfaa. Isipobadilika sana, hapo sasa tunaweza kuongea bei.

Na milimita usiangalie. Sony ULT Wear, ambazo zilitoka 2024 na zimetengenezwa makusudi kwa watu wa besi, mpaka zina kitufe chake cha kuongeza, spika yake ni milimita 40. Arobaini! Binamu yangu nilipomwambia alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nina sukari. Ile ya "20 Hz – 20,000 Hz" kwa boksi nayo ni mapambo, kila boksi limeandika hivyo, haikwambii huko 20 sauti imebaki kiasi gani. Bluetooth 5.3 haiongezi besi. Neno "Extra Bass" likiwa limechapishwa kwa boksi halijui chochote kuhusu kilicho ndani ya boksi.

Hizo za Sony ni pesa nyingine, Marekani zilianza na dola 200 hivi, kwa hivyo kwa elfu sita tusidanganyane. Na ukiona mtu anakuuzia kwa elfu sita mpya ndani ya karatasi, kimbia. Skullcandy Crusher wana kaswichi pembeni ka kusukuma, ukipandisha inakutikisa taya, kuna watu wanapenda, mimi dakika kumi natafuta panadol. Kwa bei yako angalia zile za Soundcore za bei ya chini, nyingi zina programu ya simu ya kurekebisha sauti, hiyo ni muhimu kwa sababu hedifoni inayofunga sikio vizuri ukiiongezea besi kidogo inakubali, lakini ile inayovuja ukiongeza inakoroma tu. LAKINI hata hizo vaa kwanza. Sijasema nunua Soundcore, nimesema nenda uvae. Najua mtu atakuja hapa baada ya wiki aseme mimi ndiye nilimwambia.

Ya matatu nimeikumbuka. Nakuru mpaka Kisumu ni kama kilomita 180, na gari ikianza kupanda huko Kericho ule mngurumo wa injini ni sauti ya chini, unafunika besi ya hedifoni yako kabisa, unabaki unasikia solo na kayamba. Hapo watu hupandisha sauti mpaka mwisho. Usifanye hivyo safari nzima, Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ukipita hapo muda unapungua haraka sana. Tafuta zenye ile ya kuzima kelele za nje, ndiyo kazi yake hasa, inapunguza mingurumo ya chini, na besi inarudi bila wewe kuongeza sauti. Ukiwa na bajeti ya kuchagua kitu kimoja cha ziada chagua hicho, achana na taa za kuwakawaka, hizo nazo wewe hata huzioni ziko kwa masikio yako.

Sababu hiyo hiyo usijaribu hedifoni pale mlangoni mwa duka barabarani. Mwambie muuzaji mwingie ndani, au subiri saa tatu asubuhi kabla mji haujachangamka. Akisema ziko kwa silidi, boksi halijafunguliwa, na hawezi kufungua, mwambie afungue za kuonyesha. Akikosa za kuonyesha, toka. Akikwambia kuna mtu mwingine anakuja kuzichukua saa nane, mwache huyo mtu wa saa nane achukue, huyo mtu nimemsikia kila duka hapa mjini na sijawahi kumwona. Na ulipe kwa Till ya duka, risiti iandikwe modeli yenyewe na waranti, si "hedifoni 1".

Mambo ya jim na maikrofoni ya simu za kazi sijajibu, najua, vidole vimechoka. Nikwambie tu ukijaribu dukani usijaribu kwa kupiga simu halafu uhukumu muziki, simu ikiingia Bluetooth hushuka kwa ubora wa maongezi na kila kitu kinasikika vibaya, hata hedifoni za laki. Ya jim wenye vifua watakujibu. Betri sijui uliuliza nini tena, nyingi sai zinakaa.

Wewe mwambie huyo jamaa unataka kuja kuzivaa, uko na simu yako. Akikublok utuambie hapa.